Kabla Vali Haijabadilishwa, Uliza Moyo Unasukuma Kiasi Gani

Familia ikishaambiwa kwamba mgonjwa wao ana tatizo la vali ya moyo, swali la kwanza huwa la pesa. Nani atalipia upasuaji? Utafanyika nchi gani? Swali hilo ni la lazima, hasa kwa mtu anayeishi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, kwa posho ya msaada na anayehitaji ruhusa hata ya kwenda Lilongwe. Lakini wakati ndugu wanahangaikia pesa, misuli ya moyo wa mgonjwa inaendelea kuchakaa, na hali ya misuli hiyo siku ya upasuaji ndiyo inayoamua kwa sehemu kubwa kama atatoka salama, na akitoka ataishi maisha ya namna gani. Daktari anaweza kutoa vali mbovu akaweka mpya. Misuli ya moyo iliyoishiwa nguvu hana namna ya kuibadilisha kwa njia hiyo. Ndiyo maana nawaomba wagonjwa na wanaowauguza waijue nguvu ya moyo mapema, waidai kwa maandishi, na waifuatilie kabla haijashuka.

Ulaya na Marekani, vali ya aota huwasumbua zaidi wazee, kwa sababu hukakamaa kwa chokaa inayojijenga miaka mingi. Kwetu mambo mara nyingi huanza utotoni. Mtoto wa kati ya miaka 5 na 15 anaumwa koo, koo linapoa lenyewe, na baada ya wiki mbili tatu anashikwa na homa na maumivu ya viungo yanayohama, leo goti, kesho kiwiko. Hiyo ni homa ya rumatiki, ambayo wengine huiita homa ya baridi yabisi. Ikijirudia inazila vali za moyo. Bakteria wanaoleta maumivu hayo ya koo hupenda msongamano, na Dzaleka ni msongamano mtupu: kambi ilifunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, mahali palipokuwa gereza enzi za Rais Kamuzu Banda, kwa makusudio ya kuhifadhi watu kama 10,000 hadi 12,000, na leo ina zaidi ya 50,000. Utafiti mkubwa uitwao REMEDY, uliofuatilia wagonjwa 3,343 wenye vali zilizoharibiwa na homa hiyo katika nchi 14, Malawi ikiwemo, ulikuta kwamba nusu yao walikuwa na umri usiozidi miaka 28. Ndani ya miaka miwili, karibu 17 kati ya kila 100 walikuwa wamefariki. Hao ni vijana na akina mama wenye watoto wadogo. Wengi wao hawakufika kwenye upasuaji kabisa.

Vali ya aota ndiyo mlango wa mwisho ambao damu hupita ikitoka moyoni kwenda mwilini. Huharibika kwa namna mbili, na mgonjwa anapaswa kujua yake ni ipi, maana saa ya kila moja inakwenda tofauti.

Namna ya kwanza ni kubana. Mlango hauwezi kufunguka sawasawa, moyo unasukuma kwa nguvu nyingi kuliko kawaida, kuta zake zinanenepa. Kwa miaka mingi mtu anaweza asihisi kitu. Kisha zinakuja dalili tatu: maumivu ya kifua wakati wa kazi, kuzimia akipanda mlima au akibeba ndoo, na kukosa pumzi. Madaktari John Ross na Eugene Braunwald walionyesha mwaka 1968 kwamba dalili zikishaanza, muda wa kuishi bila upasuaji hupungua ghafla: wastani wa miaka mitano kwa wenye maumivu ya kifua, mitatu kwa wanaozimia, miwili kwa ambao moyo umeanza kushindwa. Kwa hiyo kijana anayezimia akicheza mpira, au mama anayeanguka akitoka kuteka maji, asiambiwe tu kwamba ni njaa au ni jua.

Namna ya pili ni kuvuja, na hii ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kwa sababu inadanganya. Fikiria bomba la mkono la kisima ambalo mpira wake umekwisha: unapiga mpini, maji yanapanda, nusu yanarudi chini. Ndoo itajaa, ila mikono itakuwa imefanya kazi mara mbili. Moyo wenye vali inayovuja hufanya hivyohivyo usiku na mchana. Unatanuka ili ubebe damu iliyotoka na ile iliyorudi, na kwa sababu unatanuka polepole, mwenyewe analima, anafanya biashara sokoni, anasema hana shida. Siku atakayoanza kubanwa na pumzi, huenda misuli imekuwa ikiumia kwa miaka.

Ipo dalili moja ambayo hata mhudumu wa afya wa jamii mwenye mashine ya presha anaweza kuiona. Vali ya aota inapovuja sana, namba ya juu ya presha hupanda na ya chini huporomoka: tuseme 160 kwa 45. Macho ya wengi huishia kwenye 160, mgonjwa anapewa vidonge vya presha na kurudishwa nyumbani. Kijana wa miaka 22 mwenye presha ya namna hiyo, ambaye mshipa wa shingo unaonekana ukipiga kwa nguvu, anatakiwa asikilizwe moyo kwa makini na apewe rufaa. Ukiwa wewe ndiye mgonjwa, tazama namba zote mbili zinapoandikwa kwenye kitabu chako cha afya. Pengo likiwa kubwa hivyo, uliza kwa nini.

Rufaa kwa kawaida hutoka kituo cha afya cha Dzaleka, hupitia hospitali ya wilaya ya Dowa, na kwa mambo ya moyo hufika Kamuzu Central, hospitali kuu ya rufaa ya Lilongwe. Huko mazungumzo ni ya Kichewa na Kiingereza. Asiyezijua lugha hizo aende na mtu anayezijua, na huyo mtu aambiwe habari za ugonjwa nyumbani, kabla ya kuingia chumba cha daktari. Angalau mjue kusema “amakomoka” kwa mtu anayezimia na “amabanika” kwa anayebanwa na pumzi. Msiseme “moyo unauma” mkaishia hapo. Semeni amezimia mara ngapi, alikuwa akifanya nini, analalia mito mingapi, na je, anaamka usiku akitafuta hewa dirishani. Majibu hayo yana uzito sawa na mashine.

Kipimo chenyewe kinaitwa eko, yaani ultrasaundi ya moyo. Hakiumi. Mgonjwa anavua nguo ya juu, analala kwa ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto chini ya kichwa. Anapakwa jeli ya baridi, na mpimaji anakandamiza kifaa kidogo kati ya mbavu huku akimwambia avute pumzi, aitoe, aishikilie. Kwenye kioo zinaonekana kuta za moyo zikikutana na kuachana, na rangi nyekundu na buluu zikionyesha damu inakokwenda. Mpimaji anasimamisha picha, anaburuta mstari kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, namba inatokea. Namba hizo ndizo mali yako. Usitoke bila karatasi yake, na hata ukiwa na simu ya kuazima, ipige picha, kwa maana karatasi hulowa na vitabu hupotea.

Tafuta kwanza herufi EF. Hiyo ni asilimia ya damu ambayo chumba cha kushoto cha chini hutoa kila pigo. Kikijaa mililita 120 kikatoa 70, EF ni kama asilimia 58. Hakuna moyo unaotoa asilimia 100, kwa hiyo asionekane mtu akilia kwa sababu ameandikiwa 60. Hiyo ni nzuri. Kawaida ni kuanzia kama 55 hadi 70. Kwa mtu ambaye vali yake imebana sana, EF ikishuka chini ya 50, miongozo ya madaktari wa moyo inasema wakati wa upasuaji umefika hata kama anajisikia mzima. Kwa anayevuja sana, miongozo ya Marekani ya mwaka 2020 inaweka mstari kwenye 55, kwa sababu ile damu inayorudi nyuma huifanya namba ionekane nzuri kuliko ukweli. Kwa hiyo EF ya 54 ya mwenye vali inayovuja ni habari tofauti kabisa na EF ya 54 ya mtu mwingine. Ukiambiwa “iko karibu na kawaida”, uliza: karibu na kawaida kwa vali ya namna gani?

Kwa anayevuja kuna kipimo cha pili cha kuangalia: upana wa chumba cha kushoto mwisho wa kusukuma, ambao kwenye karatasi huandikwa LVIDs au LVESD. Ukizidi milimita 50, ni ishara ya kwenda kufanyiwa upasuaji. Hapa wanawake wadogo wa mwili hudhulumika bila mtu kukusudia. Milimita 46 kwa mwanamume mrefu wa kilo 80 na milimita 46 kwa dada wa kilo 42 si jambo moja. Ndiyo maana miongozo inataka kipimo kigawanywe kwa ukubwa wa mwili, na kikizidi milimita 25 kwa kila mita ya mraba, hatua ichukuliwe. Mpimaji akishajua uzito na urefu wako anaweza kukihesabu. Mwombe apime vyote viwili.

Mtego mwingine uko kwa wenye vali iliyobana. Ukali wa kubana hupimwa kwa kasi ya damu inayopita: ikifika mita 4 kwa sekunde, au tofauti ya presha ikiwa wastani wa 40, huitwa kubana sana. Lakini moyo uliochoka hausukumi kwa kasi. Mtu anaweza kuwa na mlango uliobana vibaya, ila kwa kuwa moyo ni dhaifu, namba zikatoka ndogo na akaandikiwa “wastani”. Ikiwa EF iko chini na eneo la vali halifiki sentimita moja ya mraba, msikubali neno “wastani” liwatulize. Ulizeni kama eko inaweza kurudiwa kwa dawa ya kuuchochea moyo, hata kama kipimo hicho kitabidi kifanywe katika kituo cha upasuaji chenyewe.

Je, aliyechelewa ndiyo basi? Hapana, na hili nalisema kwa mkazo kwa sababu nimeona familia zikikata tamaa mapema. Kwa vali iliyobana, udhaifu wa moyo mara nyingi unatokana na mzigo wenyewe. Mzigo ukiondolewa, EF huweza kupanda kwa kiasi kikubwa ndani ya miezi michache. Hatari ya upasuaji ni kubwa zaidi kwake: katika hospitali zenye uzoefu, kubadilisha vali ya aota peke yake huchukua maisha ya mgonjwa kama 1 hadi 3 kati ya 100, na moyo ukiwa dhaifu sana idadi hiyo hupanda mara kadhaa. Hata hivyo, kumwacha na vali iliyobana ni hatari kuliko hiyo. Kwa anayevuja, muda una neno zito zaidi. Robert Bonow na wenzake nchini Marekani walionyesha miaka ya 1980 kwamba waliofanyiwa upasuaji wakati moyo umekuwa dhaifu kwa muda mfupi, miezi 14 au chini yake, walirudisha nguvu, na waliokaa na udhaifu zaidi ya miezi 18 kwa kawaida hawakuirudisha. Ikiwa mgonjwa wako ana vali inayovuja sana na EF yake bado nzuri, arudie eko kila baada ya miezi 6 hadi 12, ajisikie vizuri asijisikie.

Sasa pesa na safari. Wagonjwa wengi wa Malawi wanaohitaji kufunguliwa moyo hupelekwa nje ya nchi, na kwa mkimbizi hilo linaongeza kamati ya kuamua rufaa, hati ya kusafiria na viza. Mwongozo wa UNHCR kuhusu rufaa za matibabu unaitaka kamati ipime hasa mambo mawili: gharama, na matumaini ya mgonjwa kupona. Jambo la pili ndilo linalotegemea EF. Faili yenye eko ya miezi miwili iliyopita, inayoonyesha moyo ambao bado una nguvu lakini umeanza kuteremka, inaongea zaidi mbele ya kamati kuliko barua tano za kuomba huruma. Faili yenye eko ya miaka mitatu iliyopita haisemi kitu. Kama kesi inapelekwa kwenye mpango wa kuhamishiwa nchi ya tatu kwa sababu ya matibabu, hakikisheni fomu ya daktari inataja EF, aina ya vali, tarehe, na muda ambao upasuaji unatakiwa uwe umefanyika. Lakini msiuweke moyo wa mtu kwenye kapu hilo moja. Milango hiyo hufungwa bila taarifa: Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi Januari 2025, na watu waliokuwa tayari na tarehe za safari walibaki. Afuatiliwe hapa huku njia nyingine zikitafutwa. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015, hubadilisha vali na hupokea wagonjwa kutoka nje ya Tanzania, na kwa anayezungumza Kiswahili ni faraja kubwa kumwelewa daktari wake bila mkalimani.

Miezi ya kusubiri isipite bure. Moyo dhaifu huzidishwa udhaifu na mambo yanayotibika: upungufu wa damu unaotokana na malaria na minyoo, mapigo yasiyo na mpangilio, tezi la shingo lenye kasoro, pombe kali kama kachasu. Kila moja lipimwe. Meno mabovu yang’olewe au yatibiwe mapema, kwa kuwa bakteria wa kinywani wakifika kwenye vali mpya wanaweza kuiharibu na kumuua mtu. Dawa ya kukojoza isiachwe kwa sababu safari ya chooni ni ndefu. Mkitaka, muulizeni tabibu kama inaweza kumezwa saa nyingine. Samaki wadogo wa chumvi kama ndagala na usipa wapunguzwe kwa aliyevimba miguu.

Sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne ndiyo kinga dhidi ya homa ya rumatiki kurudi. Mjini Gulu, Uganda, utafiti uliotoka mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto wenye ugonjwa ulio mwanzoni, ni chini ya 1 kwa kila 100 waliopata sindano ambao vali zao ziliharibika zaidi katika miaka miwili, na 8 kwa kila 100 ambao hawakupata. Ila kwa wagonjwa wenye vali ya aota iliyobana sana, au ambao moyo wao umeshapungua nguvu, Shirika la Moyo la Marekani lilishauri mwaka huohuo kwamba vidonge vya penisilini vifikiriwe badala ya sindano. Baadhi ya waliokuwa wakidhaniwa wamekufa kwa mzio huenda walikufa kwa sababu moyo dhaifu haukustahimili mshtuko wa maumivu. Kwa hiyo mwambie anayekudunga EF yako. Kama sindano itaendelea, idungwe ukiwa umelala, umekunywa maji, na maumivu yamepunguzwa. Usiiache kwa hofu bila kupewa mbadala. Wala usiiache baada ya upasuaji: vali nyingine bado ni zako.

Kuhusu aina ya vali, zungumzeni kabla ya siku ya upasuaji. Vali ya chuma hudumu, lakini inataka warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yote na kipimo cha damu kiitwacho INR, ambacho kwa vali ya aota hulengwa kwa kawaida kati ya 2 na 3. Vali ya mnyama haidai warfarini ya kudumu, lakini kwa kijana huchakaa mapema, na upasuaji wa pili unaweza usipatikane. Kwa mwanamke anayetaka kuzaa, warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na kuiacha kienyeji kunaweza kumuua mama. Hilo liamuliwe na yeye mwenyewe, akiwa na habari zote, na mume asikilize. Mkiniuliza mimi, nitasema hivi: anayeishi Dzaleka asikubali vali ya chuma kabla ya kujua INR yake itapimwa wapi kila mwezi, nani atampa ruhusa ya kutoka, na nauli ya Lilongwe itatoka mfuko gani. Daktari wa nchi ya mbali hawezi kuyajua hayo usipomwambia.

Aliye kwenye warfarini haachi sombe wala lengalenga. Anakula kiasi kilekile wiki hadi wiki, ili dawa isiyumbe. Anayejitenga na mboga mwezi mzima kisha akala sahani kubwa kwenye harusi ndiye anayejiharibia. Diklofenaki na aspirini za kununua kibandani asiziguse bila ushauri. Akianzishiwa dawa za kifua kikuu, au akipewa kotrimoksazoli au metronidazoli, INR ipimwe mapema, kwa maana dawa hizo huivuruga sana. Eko ya kwanza baada ya upasuaji ifanywe ndani ya miezi mitatu, na EF yake iandikwe kando ya ile ya kabla, kwenye ukurasa mmoja. Mwenye vali ya chuma huzoea kusikia mlio wake mdogo kila pigo. Siku mlio ukififia au ukipotea, au pumzi ikakata ghafla, au upande mmoja wa mwili ukalegea, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama tarehe yake ya kliniki ni kesho asubuhi.